Mwanga huu unaifaa Bukavu kuliko Liège

Kila nikiwasimulia ndugu zangu wa Bukavu jinsi huku Liège, Ubelgiji, ninakofanya uuguzi, tunavyotumia rangi inayong'aa na kamera katika upasuaji wa saratani ya titi, jibu ni lile lile: «Hivyo ni vya Ulaya, sisi tutafutie dawa kwanza.» Sikubaliani nao hata kidogo.

Mama anapopasuliwa saratani ya titi, daktari humdunga karibu na chuchu rangi ya kijani iitwayo indosianini. Tunapunguza taa. Kwa macho huoni kitu, ila kwenye skrini ya kamera inayonasa mwanga wa rangi hiyo unatokea mstari mweupe, unatambaa polepole chini ya ngozi kuelekea kwapani. Pale unapozama ndipo daktari anapochana, akatoa tezi chache za limfu, zile za mwanzo kupokea majimaji yanayotoka kwenye titi, ambako saratani ikisambaa hufika kwanza. Zikipimwa zikawa safi, hazina saratani, zilizobaki haziguswi.

Mkono ndio unaookolewa hapo. Bila njia ya kuzitambua tezi hizo, kwapa husafishwa lote, na mkono unaweza kuvimba maisha yote. Huku mgonjwa hupewa soksi ya kubana mkono na mtaalamu wa kuukanda. Lakini mama wa Kadutu, kule Bukavu, anayelisha watoto kwa kubeba mizigo mgongoni, mkono ukimvimba atawalisha nini?

Njia ya zamani ya kuzitafuta tezi hizo, ambayo huku bado inatumika, inataka teknishiamu, dawa ya mionzi inayopungua nusu kila saa 6. Nani ataifikisha Bukavu ikiwa na nguvu? Indosianini ni unga mkavu ndani ya kichupa, haidai friji, na Marekani iliiruhusu tangu 1959. Ghali ni kamera.

Najua, kamera haisemi kama tezi ina saratani. Hiyo ni kazi ya maabara, na kwetu majibu ya maabara husubiriwa hadi mtu akate tamaa. Tena mama aliyechelewa, tezi zikiwa zimeshavimba, njia hii haimfai. Na wanaochelewa ni wengi mno, jambo linaloniuma sana.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa vyama vya Bukavu hapa Ubelgiji: kontena lijalo la misaada tusilijaze vitanda vya zamani. Tuwaulize madaktari wa upasuaji walioko kule ni kamera gani wataweza kuitengeneza ikiharibika, tuichangie hiyo, na tumlipie kijana mmoja masomo ya patolojia, yaani upimaji wa vinyama hivyo maabara.