Ushuhuda Wangu wa Bagamoyo

Wa kulaumiwa ni mwenyekiti wetu wa VIWAWA, chama chetu cha vijana Wakatoliki. Tulikuwa ndani ya basi, hata Bunju hatujafika, akasimama kutangaza kwamba Jumapili baada ya misa kila mmoja atatoa ushuhuda: Mungu amekugusa wapi katika hija hii. Mimi nauza kava za simu Kariakoo. Nikiguswa, huwa ni mfukoni.

Jumamosi nilijitahidi, Mungu ananiona. Tulifanya Njia ya Msalaba kwenye jua la saa saba. Tukaenda kwenye ule mbuyu wa misheni, wenye mnyororo ambao, inasimuliwa, mama mmoja Mfaransa aliufungia punda wake. Mti ukanenepa ukaumeza, kimebaki kipande kinachoning'inia. Tukasali kwenye groto ya Bikira Maria iliyojengwa 1876. Makaburini ndipo wenzangu walipoanza kulia. Wamelala pale Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo 1868, na wengi malaria iliwazika wakiwa vijana wa rika letu. Mimi nilisimama nawaza lengelenge la kisigino. Viatu vipya, shauri yangu mwenyewe.

Usiku kulikuwa na kuabudu Ekaristi kwa zamu. Kundi letu lilipangiwa saa nane. Nikajisemea: leo lazima niguswe.

Nilishtuka saa nane na robo, umeme umekatika, simu ina asilimia tatu. Nikatoka nikipapasa ukuta. Kona ya pili nikaona mwanga. Mishumaa miwili juu ya meza, kati yake kitu cha mviringo kimefunikwa kitambaa cheupe pepepe. Pembeni sista mmoja ameketi, ushungi kichwani, kainama, anavuta pumzi ndefu zenye mkoromo kidogo kama mtu aliyezama katika sala. Nikasema moyoni, hawa masista hawachoki. Nikapiga magoti.

Sijawahi kusali vile. Hata harufu ilikuwa tofauti, tamu, ya kupanda puani taratibu. Nikajua ni ubani, tena wa bei.

Nikiwa fungu la tatu la rozari, kitambaa kikapanda.

Si upepo. Upepo hupuliza ukaacha. Hiki kilipanda polepole kama kifua cha mtoto aliyelala, kisha kikabaki kulekule juu. Nikafikicha macho. Baada ya Salamu Maria kumi, kimeongezeka tena. Machozi yakanitoka bila kuyaita.

Kumbe nyuma yangu watu wanaongezeka. Kijana wa kwaya alikuwa anatoka chooni, akaniona, naye akapiga magoti. Mkatoliki akikuta wenzake wamepiga magoti gizani hahoji. Kufika saa tisa na nusu tulikuwa kumi na mmoja. Nikageuka nikanong'ona, "Kimepanda." Binti aliyekuwa nyuma yangu akatazama, akaangua kilio. Neno likapita mgongo hadi mgongo: kimepanda, kimepanda.

Adhana ya alfajiri ikasikika kutoka mjini. Sista akajinyoosha, akapiga mwayo, akasema, "Astaghfirullah." Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kuingiwa na wasiwasi. Akaenda mezani, akakunja mikono ya gauni, akavuta kile kitambaa, akainua ngumi, akaipiga ndani. Puu!

Binti wa nyuma alipiga yowe lililoamsha hija nzima.

Beseni la plastiki la bluu. Unga wa maandazi, umeumuka mpaka umevuka ukingo, na ule ubani wangu wa bei ulikuwa iliki.

"Shikamoo, bibi," nilisema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mshamaliza?"

"Tumemaliza nini, bibi?"

"Si kuusomea unga? Nilifumbua jicho nikawaona mko wawili. Nikalifumbua tena, mmejaa baraza zima, mnalia. Nikasema labda ndiyo kawaida ya Wakristo kabla ya kula, acha wamalize. Dini ya mtu haiingiliwi." Akaubonyeza unga kwa kidole, akatikisa kichwa. "Lakini na dua yenu ina nguvu. Hamira ileile, nazi ileile, haijanipandia hivi tangu nianze kupika."

Kanisa dogo la kuabudia lilikuwa upande wa pili wa jengo. Padri alikuwa amepiga magoti mle ndani zamu yetu yote, peke yake. Kwenye chai akauliza kwa upole kundi la saa nane lilikuwa wapi. Watu kumi na mmoja wakatazama sahani ya maandazi. Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa na la nne mdomoni na, niseme kweli, yalikuwa mepesi kama pamba.

Baada ya misa zikaanza shuhuda. Mmoja kaguswa makaburini, mwingine kwenye groto. Mwenyekiti akaita jina langu. Nikasimama, nikakohoa, nikavuta shati. Sikuwa nimetamka hata neno, kutoka mwisho wa benchi la kwaya mtu akanong'ona:

"Kimepanda."