Simba Bahari wa Shela

Mashua ilikuwa imelala mchangani Shela, Lamu, maji yamekupwa, na nahodha alinihitaji kwa kazi ndogo tu: kuandika SIMBA BAHARI kwa herufi nyeupe karibu na omo, mbele ya mashua. Mnyama alikwisha kuchorwa chini ya nafasi ya jina. Fundi wa kwanza alimtoa vizuri, wa kijivu mwenye madoadoa, kisha wakakosana kuhusu malipo, akakusanya brashi zake akenda zake.

Kasoro ilikuwa moja. Mnyama yule alikuwa sili.

"Ami," nikamwambia, "umechorewa mtu mwingine."

Akanionyesha picha kwenye simu, aliyotumiwa na mgeni wake. Fundi hakukosea hata unywele: mnyama kajilaza juu ya jiwe, kichwa juu, mkia juu, umbo la ndizi mbivu. Sili huyo, na hivyo ndivyo anavyolala.

"Sili na simba bahari si mtu na nduguye?"

Ni koo mbili. Nami bahari ya Lamu haikunifunza haya, maana huku hakuna huyu wala yule. Nilifanya kazi melini, na huko Cape Town wanyama wa namna hii huja kulala hadi gatini. Nikamweleza nahodha kwa kumwonyesha ubaoni. Sili hana sikio la nje, ana kitundu tu pembeni mwa kichwa. Simba bahari ana vijisikio vilivyojikunja, vyembamba, havifiki urefu wa kidole, na ncha zake zinaelekea nyuma. Kwa mbali huvioni kabisa, kwa hiyo anayewajua hutazama mkao kwanza. Simba bahari hujiinua kwa mapezi ya mbele, kifua wazi na shingo ndefu, na mapezi ya nyuma huyageuza yakaja chini ya tumbo. Ndiyo maana nchi kavu anatembea, anapanda ngazi, na ukimuudhi anakufukuza. Sili mapezi yake ya nyuma hayageuki. Yameelekea nyuma siku zote, basi akitoka majini hujikokota kwa tumbo.

Majini pia hawafanani. Simba bahari nguvu zake ziko mbele, hupiga mapezi yale marefu yenye ngozi tupu. Sili hujisukuma kwa ya nyuma, kulia na kushoto, na ya mbele, ambayo ni mafupi, yana manyoya na kucha, humsaidia kugeuka tu. Tena simba bahari hubweka kutwa kucha, wakati sili wengi hukoroma kidogo wakanyamaza. Yule unayemwona kwenye sarakasi akicheza mpira kwa pua, ambaye kila mtu humwita sili, kwa kawaida ni simba bahari wa California. Na yule wa Cape Town, sili wa manyoya, ana masikio na anatembea: jina la sili, ukoo wa simba bahari.

Nahodha alisikiliza yote. Akashika kidevu.

"Kwa hiyo tatizo ni masikio."

Nikamwambia tatizo ni mwili mzima. Shingo ipande mbao mbili juu, kifua kiinuke, mapezi ya mbele yarefushwe, ya nyuma yageuzwe, madoadoa yafutwe, na jina lisogee kupisha kichwa. Nikamtajia bei. Akatazama upande mwingine, kama hakusikia, akauliza shungi la simba liko wapi. Shungi analo dume wa Amerika Kusini, nikamwambia, huyo ana manyoya shingoni ya kustahili jina lake. Wa California ana nundu ya mfupa kwenye paji la uso, basi.

"Tia masikio," akasema. "Mawili. Makubwa, yaonekane toka ng'ambo Manda."

Nikagusa ubao. Ulikuwa unateleza, na harufu yake haikuhitaji kuulizwa. Usiku uliopita nahodha alikuwa ameupaka sifa ubavu wote, na kichwa cha mnyama hakukiruka. Sifa ni mafuta ya papa, na kwa mbao hayana mpinzani: mti huyanywa, haupasuki kwa jua. Lakini rangi ya mafuta haishiki juu ya sifa mbichi. Inaelea. Juu inafanya utando kwa jua, chini bado maji, halafu inaanza safari. Dawa yake ni kufuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, kuchapa msasa hadi mti uone hewa, kupaka rangi ya kwanza, na kungoja ikauke. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wenye mashua, kwa sababu maji hukupwa kwa saa sita hivi na hurudi kwa saa sita, na yakirudi mashua inaelea, rangi iwe imekauka au haijakauka. Nahodha alikuwa na wageni wa kutazama jua likichwa.

Nikenda dukani kununua mafuta ya taa. Kurudi, masikio yapo.

Alikuwa ameyatia mwenyewe, kila moja ukubwa wa kiganja, kwa brashi yangu. Nikamwambia ayaache, nitayafuta. Akasema yamependeza. Jua la adhuhuri halikumuunga mkono: masikio yakaanza kuteremka taratibu, yakapita macho, yakafika kwenye masharubu. Nahodha akaona aibu itamfika mbele ya watu, akaweka kiganja kwenye masharubu na kuisukuma rangi yote juu kwa nguvu, mara mbili, sikio la kulia na sikio la kushoto.

Alipoondoa mkono, mnyama alikuwa wa kijivu, ana pua nene, na masikio mawili marefu yamesimama wima. Hakuna mtu Lamu anayehitaji kuelezwa huyo ni nani. Mtoto aliyekuwa akipita na punda wake, kabeba mchanga, alisimama, akamtazama wa ubaoni, akamtazama wake, akacheka hadi akakaa chini.

Wazee wakashuka kutoka barazani kuja kushuhudia. Mvuvi mmoja mzee wa Kiunga akasema lile jambo lote ni upuuzi, bahari yetu ina mnyama wake, nguva, mbona hachorwi yeye? Na alimjua: hana miguu ya nyuma wala mapezi ya nyuma, ana mkia uliopasuka kama wa pomboo, hapandi nchi kavu maisha yake yote, anakula nyasi za baharini, na nasaba yake iko karibu na tembo kuliko na hao wa kwenye simu. Hupanda juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache, na akinaswa na wavu wa jarife hufa maji. Kiunga kuna hifadhi ya bahari tangu 1979, na bado kumwona ni bahati.

"Mkia tu basi?" nahodha akauliza, akinyoosha mkono kuchukua brashi.

Nikaikalia.

Jioni wageni walifika. Mmoja wao, mama wa California, alisimama mbele ya mchoro muda mrefu kwa heshima kubwa, kisha akauliza ni mnyama gani. Nahodha akamsomea jina. Mama akashika tumbo. Alipopata pumzi akamsimulia jinsi mwaka 1990 simba bahari walivyovamia magati ya boti ya Pier 39 kule San Francisco, wakayakalia, na wenye boti ndio waliohama. Akamwonyesha na mbweko wao, kwa sauti ya kutosha. Nahodha akaurudia. Kutoka vichochoroni Shela, punda watatu wakaitikia.

Tangu hapo wageni walimuulizia kwa jina la punda, kwa hiyo wiki iliyofuata akanileta tena.

"Iwe PUNDA BAHARI," akasema. "Herufi nne tu za kubadilisha. A ya mwisho ipo tayari, hiyo usinitoze."

Nikapitisha kidole kwenye ubao wa jina. Kikarudi kinanuka papa.