Mangi, Kaktasi na Baba Mkwe

Paka wetu anaitwa Mangi, na hapa nyumbani Moshi sisi wengine ni wapangaji wake. Kwa hiyo nilipoingia na kaktasi niliyoinunua kwa wauza miche wa barabarani, mke wangu hata bei hakuuliza. Aliuliza, "Mangi akiila je?"

Nikaibeba hadi kwa daktari wa mifugo. Alikuwa anamsubiri mtu wa ndama. Aliponiona na kikopo changu cha ua akadhani nimepotea njia. Hata hivyo akaitoboa kwa sindano. "Ingekuwa jamii ya mnyaa ungeona maziwa meupe. Hayo yakimwingia paka machoni au mdomoni, yanaunguza. Hii imetoa majimaji tu. Ni kaktasi kwelikweli, ya huko Meksiko, sumu haina. Mchunge na miiba." Nikiwa mlangoni akaongezea: "Kinachotapisha paka ni majani ya masale, ile mimea ya uani kwako."

Miiba yenyewe hata sikuiona. Kaktasi hii ina vishungi vya njano, laini kwa macho, unatamani uvipapase. Kumbe kila kishungi ni rundo la vijimwiba vyembamba kuliko unywele, vyenye ncha za kunasa.

Jumamosi Mangi akaipiga kofi, ikaanguka dirishani hadi kwenye kochi. Yeye akalamba mguu, akaenda zake. Tukazoa udongo, tukakung'uta vitambaa, kochi likang'aa.

Jioni hiyohiyo baba mkwe akashuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi. Shikamoo baba, marahaba, karibu kochini. Akaketi. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "kochi lako lina siafu?"

Akasimama, akajipangusa nyuma kwa kiganja. Sasa na kiganja nacho kikawaka.

Mke wangu akaniletea kibanio chake cha nyusi. Nikakitazama. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mkwe hata kumtazama usoni ni mtihani, leo nimwambie baba, geuka? Nikapitisha selotepu mlangoni, mzee akajifungia chumbani ajinasue mwenyewe. Tukawa tunasikia *kraap!* halafu mguno. *Kraap!* halafu Kichaga kikali ambacho sikuthubutu kuuliza maana yake.

"Kakate isale," mke wangu akaninong'oneza. "Mchaga ukimpelekea isale kumwomba radhi, hawezi kukataa."

Nikakimbilia uani. Mangi alikuwa chini ya masale, anatafuna jani taratibu kama mzee wa ugoro. Nikamfukuza, nikakata jani langu, nikarudi mbio.

Mzee akatoka, miguu ameitanua, koti kalifunga kiunoni. Nikapiga magoti, isale mikononi, nikaanza, "Baba, naomba..."

Mangi akapita katikati yetu. Akasimama mbele ya kiatu cha mzee, mgongo ukapanda na kushuka, shingo ikarefuka, na hapo juu ya ngozi iliyopigwa rangi ikatua povu na kipande cha jani la kijani.

Mzee akakitazama kiatu. Akanitazama mimi. Akamtazama paka.

"Na huyu naye ameleta lake?"

Akapokea isale langu. La Mangi akaniachia nilipanguse, na ndizi akazila akiwa amesimama.