Kabla ya Kupima Vinasaba, Tuulizane Habari za Ndugu

Babu yangu mzaa mama alipofuka polepole, na sisi wajukuu tuliambiwa kwamba ni uzee tu. Miaka michache baadaye dada yake naye akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango, na maelezo yakawa yale yale. Hatukuanza kuyaunganisha mambo hayo mpaka mama alipopimwa na kukutwa na glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho. Aliyemhudumia alimwandikia matone na kumpangia tarehe ya kurudi kliniki, lakini hakumuuliza hata mara moja kama ana ndugu wa tumbo moja. Swali hilo halina gharama yoyote, na kwa maoni yangu ndilo lenye manufaa makubwa zaidi tuliyoyapata mpaka sasa kutokana na elimu ya urithi wa ugonjwa huu.

Glakoma huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena, lakini uoni uliopotezwa na glakoma haurudi. Kwa kawaida hasara huanzia pembeni, huku sehemu ya katikati ikibaki safi kwa muda mrefu, kwa hiyo mgonjwa huendelea kusoma na kuhesabu fedha bila kushuku lolote. Mwaka 1998 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya kuwapima ndugu na watoto wa wagonjwa: hatari yao ya kupata glakoma katika maisha yao yote ilikadiriwa kufikia asilimia 22, ilhali kwa ndugu na watoto wa watu wasio na ugonjwa ilikuwa asilimia 2.3. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kuwaita watu na kuwatazama macho, bila kusoma vinasaba vya yeyote.

Upande wa vinasaba, mwaka 1997 ilitambuliwa jeni ya kwanza inayohusishwa na glakoma, iitwayo MYOC, lakini hitilafu zake hueleza sehemu ndogo tu ya wagonjwa. Waliobaki hubeba tofauti nyingi ndogo ndogo ambazo kila moja huongeza hatari kidogo, na kuzitambua kunahitaji sampuli za maelfu ya watu. Hapo ndipo ninapolalamika. Glakoma huwaathiri zaidi watu wenye asili ya Afrika, lakini sehemu kubwa ya sampuli hizo ilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2024 timu iliyoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilichapisha uchunguzi wa watu 11,275 wenye asili ya Afrika, ikapata maeneo 46 ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa huu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba alama ya hatari, yaani hesabu inayojumlisha tofauti hizo ndogo ndogo anazobeba mtu, iliyokokotolewa kutokana na watu hao ilibashiri vizuri zaidi, kwa wenye asili ya Afrika, kuliko alama iliyotokana na utafiti mkubwa zaidi wa Wazungu. Kwa hiyo atakayetuletea kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya Ulaya anapaswa kuulizwa kama kimejaribiwa kwa watu wetu.

Naunga mkono sampuli za Afrika Mashariki zichukuliwe, mradi anayetoa damu yake apimwe macho siku hiyo hiyo na atibiwe akikutwa na tatizo. Matibabu yapo: katika utafiti uliofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, tiba ya leza ilifanikiwa kwa macho asilimia 61 baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 31 kwa matone ya timolol. Kumwambia mtu kwamba amerithi hatari, kisha kumwacha aende zake, ni kumwongezea hofu tu.

Hata hivyo swali la kliniki lenyewe linahitaji uangalifu, kwa sababu Kiswahili chetu kina ukarimu mwingi katika neno “ndugu.” Ukimuuliza mzee kama ana ndugu asiyeona, atakutajia binamu, shemeji, hata jirani waliyekua pamoja, wakati daktari anamtafuta mzazi, mtoto, au kaka na dada wa damu. Baba mdogo na mama mkubwa nao wana habari muhimu, ila uzito wao ni tofauti, na ni vizuri kuwataja kwa uhusiano wao halisi.

Mama ana ndugu wanne walio hai, na mwaka huu nimewafuatilia mmoja mmoja kwa simu. Watatu wamekwisha kupimwa, na mmoja kati yao amekutwa na dalili za mwanzo, ameanza matone. Wa nne, mjomba wangu mkubwa, amekataa katakata, kwa hoja kwamba macho yake ni mazima na gazeti analisoma bila shida.