Makopo ya Wageni

Hivi jamani ni kwangu tu au na kwenu kuna makopo ya chakula ambayo hayaliwi, hayatupwi, hayauzwi, yapo tu yanazeeka na sisi? Mi nakaa Ngamiani, Tanga, nikipanda baiskeli sasa hivi nafika Deep Sea jasho halijatoka, samaki wanashushwa pale wengine bado wanatikisa mkia, sasa mtu mwenye bahari mlangoni ana samaki wa kopo kwenye kabati la vyombo sebuleni, wamepangwa mstari, lebo zinatazama mlangoni ili anayeingia aone kwamba nyumba hii ina ndugu wa kusafiri.

Ndugu mwenyewe ni shemeji yangu, kaka yake mama watoto, alikuwa baharia. Kila akirudi anakuja na mfuko. Samaki, nyama ya ng'ombe ile ya kopo la kufunguliwa kwa ufunguo, mahindi, nyanya, na nanasi. Nanasi! Mtu anatoka ng'ambo anapita bahari zote anatuletea nanasi sisi. Mama watoto akipokea anafuta vumbi kwa khanga anasema haya ya wageni. Wageni wenyewe wakija wanapikiwa wali wa nazi na changu, kopo linawaangalia tu wanavyokula. Watoto wakiomba, acheni, ya wageni. Ramadhani moja nikasema basi tufungulie futari hilo nanasi, jicho nililopigwa siku ile mpaka leo nikipita kabatini napita upande.

Sasa juzi nimevaa miwani nikasoma tarehe. Wallahi kopo la samaki limeekspaya kitinda mimba wetu hajazaliwa, na kitinda mimba mwenyewe sasa hivi anang'oka meno. Nikamwambia mama watoto hii sumu. Akanijibu bila hata kugeuka, "Sumu itaingilia wapi kitu hakijafunguliwa?" Nikakosa jibu, na mwanaume akikosa jibu nyumbani anakwenda kijiweni kunywa kahawa.

Kijiweni nako kila mtu profesa. Mmoja anasema tarehe ikifika tu usiku wa manane bati linayeyuka linaingia kwenye chakula, ukila umeliwa. Mwingine anasema makopo hayaozi, wazungu wanasema uongo ili tununue mapya. Fundi baiskeli, ambaye hata pancha hajui kuziba vizuri, anasema chemsha na ndimu inakata sumu yote. Kashata zimeisha ubishi haujaisha. Nikaona isiwe tabu, nikachukua simu ya mwanangu, nikala bando lake lote usiku ule, na nilichokisoma kimenikera zaidi maana mama watoto ana haki nusu, na akipewa nusu anachukua yote.

Iko hivi. Ile tarehe kwenye makopo mengi si siku ya kufa, ni mwenye kiwanda anakwambia mpaka hapa nakuhakikishia ladha na rangi, baada ya hapo shauri yako. Kopo linapotengenezwa linafungwa kisha linapikwa limefungwa hivyohivyo, kwa mvuke wa presha, vyakula kama nyama na samaki inafika nyuzi 121 hivi, vijidudu vya hatari vya ndani vinakufa, na vya nje havina pa kuingilia. Kwa hiyo kopo likibaki zima, mlangoni hapajafunguka, nani ataozesha? Kuna meli ya Marekani inaitwa Bertrand ilizama mto Missouri mwaka 1865, ikafukiwa na matope, wakaja kuifukua mwaka 1968, na mwaka 1974 wataalamu wakafungua makopo yake wakapima. Chaza, nyanya, mapichi, zaidi ya miaka 100 chini ya tope! Harufu nzuri ilishapotea, sura imechakaa, vitamini nyingine zimekwenda zake, lakini kijidudu hata kimoja hakikuota humo ndani, wakasema kwa usalama kinalika. Sikumsomea mama watoto hiyo. Nikaificha.

Na ile ya paka ndo kabisa. Waingereza walikuwa na kopo la nyama ya ndama la mwaka 1824, lilikwenda na meli kwenye barafu ya kaskazini likarudi halijaliwa (kumbe na wao walikuwa wanawekea wageni), mwishoni mwa miaka ya 1930 wakalifungua, wakampa paka. Paka akala, paka hakufa. Nikasema hapa nimepata dawa, nami nitampa paka. Halafu nikakumbuka paka wenyewe ni wa Tanga. Paka wa mtaani kwetu amekulia kwenye vichwa vya kolekole, dagaa wa jana tu anawanusa anaondoka, leo umwekee samaki wa kopo aliyemzidi umri? Atakuangalia atakuona umefilisika.

Sasa kabla hamjakimbilia makabatini kwenu, subirini, kuna nusu yangu na mimi. Mambo hayo yote ni kopo likiwa zima na limekaa pazuri. Makopo yetu yamekaa wapi? Kabla ya kupandishwa cheo kwenda sebuleni yalikaa jikoni juu ya rafu, chini ya bati, na bati la Tanga mwezi wa pili mnalijua, na chini yake jiko la mkaa. Wataalamu wanasema joto likipita nyuzi 38 hivi chakula cha kopo kinaharibika haraka, kuna vijidudu vingine vya joto vinavumilia hata ule mpiko wa kiwandani vinasubiri joto kali tu viamke. Halafu chumvi ya bahari, hewa hii inakula mageti, inakula misumari ya paa, seuze kikopo. Kutu ya juujuu ukifuta inatoka si neno, lakini kutu ikichimba ikitoboa hata tundu usiloliona kwa macho, basi mlango umefunguka na wageni wameshaingia, tena hawa hawakualikwa.

Vya ukali ndo vibaya zaidi, nyanya na nanasi. Ile asidi yake inatafuna bati taratibu kutoka ndani, ndo maana wanasema hivyo ule ndani ya mwaka mmoja na nusu, wakati nyama na samaki na mahindi vinafika miaka miwili mpaka mitano bado vizuri. Asidi ikigombana na chuma inatoka gesi, kopo linavimba. Na kopo kuvimba unaweza usijue ni gesi ya asidi au ni vijidudu vinapumua, na katika vijidudu kuna kimoja kinaitwa Clostridium botulinum, huyu hapendi hewa, kopo lililofungwa ndo kwake peponi, mbegu zake maji ya kuchemka kawaida hayaziui, na sumu yake inashika mishipa ya fahamu, kope zinaanguka, unaona watu wawiliwawili, ulimi mzito, mwisho pumzi. Na unaweza usisikie harufu wala ladha yoyote. Kwa hiyo ile ya "ngoja nionje kidogo nijue" ndo ya kijinga kuliko zote. Fundi baiskeli na ndimu yake akae mbali na familia yangu.

Nikaenda kabatini na tochi. Nanasi limevimba, juu na chini, ukilisimamisha linabembea. Nyanya moja imebonyea kwenye pindo, pale mfuniko unapokutana na kopo, na pana ukoko mweusi umekauka. Nikamwita mama watoto nikamwonyesha. Akaliangalia nanasi lile, akasema, "Limeshiba tu." Nyie! Kopo limeshiba!

Tukabishana mpaka akakubali hayo mawili yatoke, tena kwa sharti kwamba si yeye anatupa, maana kaka yake akijua. Sasa jaribuni kutupa kopo limejaa Tanga. Nilimwita kijana wa vyuma chakavu akalitikisa, akasema mzee sisi tunanunua kopo tupu, kamwage uje. Nimwage! Kitu ambacho nimekesha nasoma kwamba usikifungue! Nikamweleza habari za sumu, akasogea nyuma akaniuliza mbona nimemshikisha. Jirani ananishauri nifukie uani, nikifikiria ile Bertrand naogopa wajukuu watakuja kufukua wayale. Mwisho nimeyafunga kwenye mifuko miwili, nikayatia plasta, nikaandika SUMU kwa peni nyekundu nikamsubiri mwenyewe mtu wa gari la taka nimkabidhi mkononi, na mtaa mzima sasa unauliza kwangu kuna sumu gani.

Yaliyobaki mama watoto kayarudisha mstari, kaziba mapengo kwa kuyaachanisha. Mahindi bado mazima, samaki bado, ile nyama kutu kidogo tu. Nikimwambia kama mazima basi tuyale, anasema yameekspaya. Nikimwambia kama yameekspaya tuyatupe, anasema mazima hayo, si umesoma mwenyewe. Maana mwanangu kamsimulia ile ya meli, bando lilikuwa lake na histori kaikuta.

Na ule ufunguo wa kopo la nyama ulishapotea zamani. Eti makopo yalianza kutengenezwa miaka ya 1810 na kifungulio kikaja miaka ya 1850, hapo katikati watu wanafungua kwa patasi na nyundo. Kwangu hiyo katikati haijaisha, tungekula kwa patasi.

Jana shemeji kapiga simu, siku hizi kastaafu yuko Mombasa. Mama watoto kaweka spika. Baada ya salamu na habari za magoti shemeji akauliza, "Hivi yale makopo niliyokuwa nawaletea mliyaonaje?" Mama watoto bila aibu, "Matamu kaka, wageni waliyapenda sana." Shemeji akacheka, akasema afadhali, maana yeye hajawahi kuyaonja, mpishi wa meli alikuwa anawagawia yakikaribia kuisha muda ili asiyatupe baharini.

Mama watoto akasema mtandao mbaya leo, akakata.