Muscat ya kale haitoshi dakika kumi

Nimechoka kuona ratiba za ziara ya siku moja Muscat zinazojigamba kwa idadi ya vituo. Vituo tisa kwa saa tano! Mtu amelipia gari la peke yake na mwongozaji wa peke yake, halafu anakimbizwa kama aliyeshuka melini na kuna honi inamsubiri. Faida ya ziara ya faragha ni moja tu, nayo ni kwamba muda ni wako. Ukinyang'anywa muda, umelipia kiyoyozi.

Piga hesabu kabla ya kukubali ratiba yoyote. Muscat si mji wa duara. Umejinyoosha kati ya milima na bahari, na kutoka Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos hadi Mutrah, penye soko, ni kama kilomita 20, kisha bado kuna mlima wa kuzunguka ndipo ufike Muscat yenyewe, ile ya kale ya ndani ya lango, penye kasri la sultani. Anayekuanzishia siku sokoni, akupeleke msikitini, kisha akurudishe kasrini, amekula saa nzima yako barabarani.

Kwa hiyo msikiti uwe wa kwanza, na saa 2 kamili asubuhi uwe mlangoni. Wasio Waislamu wanaruhusiwa kuingia kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Jumamosi mpaka Alhamisi, na Ijumaa hawaingii kabisa. Ukifika saa 4 na nusu utakuta mabasi yamekwisha kumwaga watu, na marumaru ya uani imeanza kurudisha jua machoni. Mgeni Mwislamu habanwi na saa hizo, anaweza kuingia kusali. Mwongozaji anayejua kazi humuuliza mteja mapema, kwa adabu, ili ampangie Adhuhuri yake palepale badala ya kumhangaisha njiani. Wanawake wafunike nywele, mikono hadi kiganjani na miguu hadi kwenye vifundo. Kanga begani haitoshi, na aliyevaa nguo inayoonyesha mwili hurudishwa mlangoni.

Ndani, usianze na kandili kubwa ya fuwele, ingawa macho yatakwenda huko yenyewe. Inama utazame zulia. Lina mita 70 kwa 60, uzito wa tani 21 na mafundo bilioni 1.7, kazi ya wafumaji wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Wageni hupita juu ya mkeka wa kinga uliotandikwa, kwa hiyo simama ukingoni mwake utazame jinsi rangi zinavyobadilika kutoka ua moja hadi jingine. Dakika 90 zinatosha msikiti wote pamoja na bustani.

Jumba la opera, lililofunguliwa mwaka 2011, ni zuri. Kama huna tiketi ya onyesho, lipite.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Ratiba nyingi huipa Muscat ya kale dakika kumi: shuka, piga picha mbele ya nguzo za buluu na dhahabu za Kasri la Al Alam, rudi garini. Kwa mgeni yeyote hiyo ni hasara. Kwa mtu wa Mombasa, Unguja au Lamu ni dhulma, maana pale ndipo inapoanzia nusu ya historia aliyokulia ndani yake.

Zunguka nyuma ya kasri hadi upande wa bahari. Ukiitazama bandari, kushoto kwako iko Ngome ya Al Mirani, kulia Al Jalali, zote zimekaa juu ya miamba mitupu. Wareno ndio walioziimarisha miaka ya 1580. Muongo uliofuata, mwaka 1593, Wareno haohao wakaanza kujenga Fort Jesus Mombasa. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif akawatoa Muscat. Mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696, Waomani wakaitwaa Fort Jesus. Ni vita vya bahari moja, na mwongozaji asiyeunganisha ngome hizi na ile ya Mombasa amekuonyesha mawe matupu. Kisha tazama miamba inayoizunguka bandari: kuna majina ya meli, yamepakwa rangi na mabaharia waliotia nanga hapo. Hilo halionekani kwenye dirisha la gari.

Kutoka hapo vuka uwanja kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yakitazamana na kasri. Yape saa mbili. Ukibanwa, anza na ukumbi wa historia ya bahari, utazame vyombo vya zamani na namna mbao zilivyoshonwa kwa kamba bila msumari, ndipo uende kwenye ukumbi wa Oman na dunia. Uliza habari za Seyyid Said aliyehamishia kiti chake Unguja, na za mwaka 1861, dola ilipogawanywa mbili, Muscat upande mmoja na Zanzibar upande wa pili. Nakubali, familia yenye watoto wadogo haitavumilia saa mbili za vioo na maandishi. Basi iwe saa moja, lakini isiwe sifuri.

Na omba mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Muscat wapo, watu waliozaliwa Zanzibar au waliolelewa na wazazi waliotoka huko, na Kiswahili bado ni lugha ya nyumbani kwao. Bei yake ikizidi kidogo, ilipe. Atakachokueleza kuhusu kofia, halua na majina ya koo hakimo kwenye vibao vya makumbusho.

Soko la Mutrah liwe la mwisho. Mchana maduka mengi hufungwa, kuanzia kama saa 7 hadi saa 10, na wanaopeleka wageni saa 8 huwaonyesha milango. Nenda baada ya Alasiri. Ubani bora, hojari, ni mweupe wenye kijani kwa mbali. Ule mweusi wenye vipande vya magome ni wa bei ya chini, usiuziwe kwa bei ya hojari. Mwambie muuzaji atie punje moja kwenye chetezo uinuse kabla hujatoa riali. Kofia nayo, igeuze ndani nje: ya mashine mishono yake imelingana kila mahali, ya mkono utaona viua havifanani na nyuzi zimefungwa moja moja. Ukiipata hiyo, usikimbilie kubishana bei. Muulize kwanza ameishona nani.