Wake watatu wa John of Gaunt, na yule asiyesimuliwa

Habari za John of Gaunt na Katherine Swynford husimuliwa kama mapenzi ya kweli: mtoto wa mfalme wa Uingereza anamwoa mlezi wa binti zake, mjane asiye na ufalme wala mashamba ya maana, baada ya kupendana kwa miaka zaidi ya ishirini. Mimi hainiingii. Kila nikiisoma namfikiria Constanza, mke wake wa pili.

Mke wa kwanza, Blanche wa Lancaster, alimwoa mwaka 1359, na hapo palikuwa na mali. Baba mkwe hakuwa na mtoto wa kiume. Akafariki 1361 tauni iliporudi, na mwaka uliofuata dada pekee wa Blanche naye akafa bila mrithi. Ngome na mashamba yote yakamwangukia John, pamoja na cheo cha Duke wa Lancaster. Bahati ya mtu, msiba wa mwenzake.

Blanche alifariki 1368. Mmoja wa watoto aliomwachia, Philippa, aliolewa na mfalme wa Ureno, na kitukuu wa Philippa ndiye Mfalme Manuel aliyemtuma Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kwa hiyo ukoo huu si wa mbali nasi kama unavyodhani.

Sasa Constanza. Baba yake, Mfalme Pedro wa Castilla, ufalme uliokuwa Hispania ya leo, aliuawa 1369 na ndugu yake wa baba mmoja, Enrique, aliyemnyang'anya kiti. John akamwoa binti huyo mkimbizi mwaka 1371, akaanza kujiita Mfalme wa Castilla. Ndoa ikiwa bado changa, Katherine akawa nyumba ndogo, tena humo humo katika maisha ya ukoo, na akamzalia John watoto wanne, akina Beaufort. Constanza alijua, maana uhusiano huo haukuwa siri kwa yeyote.

Mwaka 1386 John alipeleka jeshi Hispania, likashindwa. Akapatana: faranga za dhahabu 600,000, malipo ya kila mwaka juu yake, na binti yake na Constanza, Catalina, akaozwa mrithi wa Castilla. Huyo bwana harusi ni mjukuu wa Enrique aliyemuua Pedro. Yaani Constanza aliachia dai la baba yake, kisha akamtoa mwanawe kwenye nyumba ya muuaji. Kwangu hapo ndipo penye simanzi ya ukoo huu, lakini ni wachache wanaopagusa.

Constanza alifariki 1394. Januari 1396 John akafunga ndoa na Katherine huko Lincoln. Papa akaibariki, na mwaka 1397 Bunge likawahalalisha akina Beaufort. Kaka yao wa baba mmoja, Mfalme Henry wa Nne, mwana wa Blanche, akachomeka maneno mwaka 1407 kwamba hawawezi kurithi ufalme. Haikusaidia: Henry Tudor, aliyeutwaa ufalme kwa vita mwaka 1485, mama yake alikuwa Beaufort.

Wanaosifia mapenzi hayo hufika kwenye harusi ya Lincoln wakanyamaza. Wosia hawaufikii. John, aliyefariki 1399, aliagiza azikwe London, katika Kanisa la Mtakatifu Paulo, ubavuni mwa Blanche. Katherine alizikwa Lincoln.